Ngazi ya Nyuma ya Mwalimu Mansukhlal

Gari lililombeba Mwalimu Mansukhlal lilikuwa limeshaondoka mlangoni na sasa lilikuwa linapenya taratibu katikati ya mtaa. Anfal alilitazama kutoka kwenye roshani ya ghorofa ya tatu, mikono yake imeshika chuma cha ukingo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikuwa darasa la sita. Alikuwa pia na neno ambalo alipaswa kumwambia Mwalimu alipokuwa hai. Sasa gari linakwenda, na neno limebaki naye.

Chini maduka yalikuwa yameshusha milango nusu. Kariakoo haifungi kirahisi. Hufunga nusu, ili msiba upite kwa heshima na mteja asipotee. Wachukuzi walikuwa wameegesha mikokoteni pembeni, wakavua kofia, wakafuata gari kwa miguu hadi barabara ya Msimbazi. Wahindu waliovaa nguo nyeupe walikuwa ndani ya magari mawili madogo, na pamoja nao alikaa baba yake Anfal, Ubeid, muuza vitambaa wa pale chini, amevaa kanzu. Yeye ndiye aliyeingiza bega kwanza chini ya machela ya mianzi asubuhi ile. Mwalimu alimfundisha hisabati Ubeid alipokuwa mtoto.

"Babu atarudi saa ngapi?" aliuliza Falguni, mjukuu wa Mwalimu, aliyekuwa hajaanza hata darasa la kwanza.

"Harudi, Falguni."

"Hata kesho?"

"Hata kesho."

Gari lilikunja kona, na pale pale mtaa ukaanza kurudi kwenye kelele zake. Kipaza sauti kimoja kiliwashwa, kisha cha pili. Anfal alimshika Falguni mkono wakaingia ndani.

Ndani wanawake walikuwa wanaosha sakafu. Kwa desturi ya nyumba ile wanaume ndio wanaokwenda mahali pa kuchomea mwili, na wanawake hubaki wakiosha nyumba yote kwa maji. Pale sebuleni alipokuwa amelazwa Mwalimu paliwashwa taa ndogo ya samli. Jiko halikuwashwa tangu alfajiri, maana moto wa jikoni hausogelewi mpaka wanaume warudi. Kwa hiyo chakula kilitoka ghorofa ya pili, kwa Hind, mama yake Anfal. Alikuwa amepika wali na dengu kwenye sufuria mpya kabisa, kwa sababu zile za zamani zilikuwa zimeshazoea nyama, na nyumbani kwa Mwalimu hakuliwi nyama.

"Chumvi sijaonja," alisema Hind akiweka sufuria mezani. "Nimefunga. Kama imezidi mtanisamehe."

"Mama Anfal, sufuria mpya kwa ajili ya dengu tu?" alisema Mwalimu Euphrasia, mwalimu mkuu wa shule ya Anfal, huku akikamua tambara. "Mumeo atalia."

"Alie. Marehemu alimfundisha kugawanya. Ajifunze kugawana na jirani."

Wanawake wakacheka kidogo, hata mjane, Bi Rekha, aliyekuwa ameketi chini kwenye shuka jeupe. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu juzi. Basi na yeye akaanza kusimulia.

"Kila asubuhi alinipikia chai mwenyewe," alisema. "Tangawizi nyingi kupita kiasi. Nilimwambia kila siku, unazidisha tangawizi. Na kila siku alizidisha. Tumezeeka tukigombana juu ya tangawizi."

"Na kule sokoni?" alisema Euphrasia. "Alikuwa anavunja ncha za bamia kuona kama ni changa. Wauzaji wakamwambia, Mwalimu, unaharibu mali. Akawaambia, mali changa haiogopi mtihani."

Mengine hayakuhitaji kusimuliwa, kila mmoja pale aliyajua. Mwalimu alifundisha shule moja maisha yake yote ya kazi. Alipostaafu alishindwa kukaa. Asubuhi alisimama barabarani na shati lake jeupe, akazuia bodaboda na bajaji ili watoto wadogo wavuke. Jioni alipanda juu ya paa la jengo na ubao wa kuegemeza ukutani, akawafundisha wachukuzi kusoma na kuandika, bila kuwaomba chochote isipokuwa wasije wamechelewa. Kulipokuwa na uhaba wa damu hospitali, aligonga mlango mmoja baada ya mwingine. Watu walimwona anakuja wakakunja mkono wa shati kabla hajasema.

Lakini kitu kilichomfanya agombane na mtaa mzima ni ngazi ya nyuma.

Jengo lile lina ngazi mbili. Ya mbele ni pana, inatokea madukani, na ndiyo watu wanayoitumia siku zote. Ya nyuma ni nyembamba, haina dirisha wala haifiki paani, inapita kwenye milango ya majiko na kutokea uchochoroni kwenye geti la chuma. Sasa, mfanyabiashara wa Kariakoo akiona nafasi tupu, mwili mzima unamwasha. Kila mwaka alitokea mtu wa kutaka kuweka maboksi kwenye ngazi ile. Na kila mwaka Mwalimu alisimama pale na ufagio wake. "Hii si stoo," alisema. "Hii ni njia." Ijumaa aliifagia mwenyewe kutoka juu hadi chini.

Figo zilipoanza kumsumbua, miguu ikavimba, akashindwa kushuka. Akamwita Anfal. Kazi aliyompa ilikuwa hii: kila siku akitoka shule, ashuke ngazi ya nyuma hadi getini, apande tena, aje kumwambia alichokiona. Anfal aliipenda kazi hiyo. Aliingia chumbani, akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Iko wazi." Naye alijibu, "Marahaba, mkaguzi wangu. Sasa naweza kulala."

Kisha mzigo wa baba yake ukafika mapema. Ilikuwa karibu na Idd, na stoo aliyopanga ilikuwa imejaa. Siku moja Anfal alitoka shule akakuta geti la nyuma lina kufuli jipya, na ndani marobota ya vitambaa yamepangwa kuanzia getini hadi kupita kona ya ghorofa ya kwanza, yamegusa dari.

"Siku chache tu, mwanangu," baba alimwambia. "Idd ikipita, yote yameondoka."

Mama yake akaongeza, "Na wewe usiende kumwambia Mwalimu. Mgonjwa haongezewi ugonjwa."

Jioni ile Mwalimu aliuliza kama kawaida. Anfal aliitazama miguu iliyovimba juu ya stuli. Akamwazia baba yake akigombezwa kama mtoto mbele ya wapangaji. "Iko wazi, Mwalimu," alisema. Kesho yake akasema tena. Ulimi ulizoea. Lakini kila alipopanda kwenda chumba kile alijisikia kama mtu aliyeingia mahali pembamba, ambapo kugeuka hawezi na mbele hakuna mlango. Aliendelea hivyo mpaka Mwalimu akafa.

"Anfal," alisema Mwalimu Euphrasia, na Anfal akashtuka. "Keshokutwa kwenye kikao cha maombi nataka mtoto mmoja azungumze. Nimekuchagua wewe. Uwaeleze watu habari za ngazi, kwamba kazi yake haikufa."

"Ni kweli," alisema Bi Rekha. "Siku ya mwisho aliniambia, jengo lina njia, Rekha, yule mtoto anaiangalia. Alisema huku ametulia kabisa."

Wanawake wote walimgeukia Anfal kwa upole. Angeona afadhali wangemgeukia kwa hasira. Aliinama kama anayeokota tambara, akaenda jikoni alikokuwa mama yake.

"Mama, nataka kuwaambia."

Hind alijua mara moja. Alisukuma mlango wa jikoni kwa kisigino. "Leo? Msibani?"

"Wanataka nisimame mbele za watu niseme iko wazi."

"Baba yako amembeba marehemu begani, yuko njiani na wenzake. Wewe huku umwambie mjane kwamba mume wake alidanganywa na nyumba yetu? Subiri, mwanangu. Idd ikipita marobota yataondoka, na maneno hayo hayatakuwa na kazi."

"Na nikisimama nitasema nini?"

"Utasema alikuwa mtu mwema. Huo si uongo." Hind alimfuta uso kwa ncha ya mtandio. "Twende. Usinitie aibu."

Hapo ndipo feni ya sebuleni ilipozimika. Umeme kukatika si habari, hakuna aliyejali. Lakini baada ya kitambo kidogo ikaja harufu ya plastiki inayoungua, kali, inayouma machoni. Mwalimu Euphrasia alikwenda akafungua mlango wa mbele. Moshi mweusi ulikuwa umejaa ngazi yote, unapanda kwa haraka. Akaufunga mlango kwa kishindo, akabaki anakohoa.

Baadaye ilijulikana kwamba nyaya za mita chini ya ngazi ya mbele ziliungua, na kando yake kulikuwa na maboksi ya kandambili yaliyopangwa hadi juu. Wakati ule hawakujua hilo. Walijua tu kwamba ngazi ya mbele haipitiki.

Majirani wawili walianza kulia. Bi Rekha aliinuka kwenye shuka. Alikuwa mtulivu kuliko wote.

"Hakuna haja ya kulia," alisema. "Hii ndiyo siku aliyokuwa akiisema, na watu wakimcheka. Tunapita nyuma. Falguni, njoo mkononi kwangu. Taratibu, mmoja mmoja."

Walianza kuelekea jikoni. Anfal aliona itakavyokuwa. Watashuka gizani hadi kwenye ukuta wa marobota. Wa nyuma watawasukuma wa mbele. Moshi utawafuata kwa milango waliyoiacha wazi, na kule hakuna hata dirisha la kutolea kichwa. Mama yake alikuwa amesimama wima kando ya friji, mkono mdomoni.

Anfal alikwenda mbele yao, akaegemeza mgongo kwenye mlango wa nyuma.

"Msipite," alisema. "Kumeziba."

"Anfal, si wakati wa mchezo," alisema Euphrasia. "Toka mlangoni."

"Kumeziba, Mwalimu. Kuna marobota ya baba kutoka getini hadi juu, na geti lina kufuli. Ufunguo anao baba. Nilimwambia Mwalimu Mansukhlal iko wazi, lakini haikuwa wazi. Nilimdanganya."

Kutoka mtaani kipaza sauti kilikuwa kinatangaza mashuka ya pamba, bei ya kutupa.

"Tangu lini?" aliuliza Bi Rekha.

"Tangu kabla hajaacha kuinuka kitandani."

Bi Rekha alimtazama. Macho yake yalijaa machozi, lakini sauti haikubadilika. "Sawa. Hayo tutayazungumza tukiwa hai. Wewe ulifanya naye mazoezi. Alikuwa anasema watu wafanye nini ngazi zote zikifungwa?"

Ni kweli, kila likizo Mwalimu aliwakusanya watoto wa jengo akawafundisha. Aliwaambia kwamba moshi haulipi kodi, lakini hupanda ngazi haraka kuliko mpangaji yeyote. Watoto walicheka, wakatambaa sakafuni kama mijusi. Anfal sasa alijikuta anasema maneno yake yote, kwa mpangilio ule ule.

"Tufunge kila mlango. Tuloweshe vitambaa tuzibe chini ya mlango wa mbele. Tukae chini, karibu na hewa. Tuende upande wa barabarani tuonekane. Na tupige kelele ya kitu, si ya mdomo, mdomo unachoka."

Maji ya kuoshea sakafu yalikuwepo kwenye ndoo. Euphrasia alichukua lile shuka jeupe la msiba, akalizamisha, akalisokomeza chini ya mlango. Bi Rekha alikwenda kwenye taa ya samli. Taa ile haizimwi, huachwa iwake. Aliibana kwa vidole vyake mwenyewe, ikazimika. "Angeizima yeye wa kwanza," alisema.

Walijibana wote kwenye roshani. Chini watu walikuwa wanakimbia kuokoa mizigo kwenye maduka, wote wanatazama mlango wa mbele unaotoa moshi. Hakuna aliyetazama juu. Kariakoo watu hutazama mzigo na miguu yao. Hind alileta sahani za chuma na vijiko, wakaanza kugonga. Waligonga mpaka mikono ikafa ganzi.

Aliyeinua kichwa ni Gaudens, kiongozi wa wachukuzi, mtu mrefu mwenye mabega kama mlango. Alikuwa amejifunza kusoma juu ya paa lile lile. Yeye na wenzake ndio kwanza walikuwa wanarudi kutoka kumsindikiza Mwalimu. Alizungusha mkono hewani kuwaonyesha njia.

"Nyuma, mama zangu. Piteni nyuma."

Na wengine wakadakia. "Nyuma. Si kuna ngazi ya Mwalimu? Piteni nyuma, mnangoja nini?"

Mtaa mzima ulikuwa unawaelekeza kwenye mlango uliofungwa. Anfal aliinama juu ya ukingo. Jikoni aliwaambia watu wachache wanaompenda. Hapa walikuwepo wateja wa baba yake, wapinzani wake wa biashara, na vijana ambao kesho wangemchambua kwenye kila kijiwe. Koo lilikuwa kavu kwa saumu na kwa moshi.

"Nyuma kumezibwa," alipaza sauti. "Ni marobota ya Ubeid. Vunjeni kufuli."

Gaudens aliweka kiganja sikioni. Hakusikia. Anfal alijaribu tena, sauti ikakatika katikati. Ndipo alipoona mkono wa mama yake ukikamata ukingo pembeni yake. Hind, mwanamke ambaye hakuwahi kuita mtu kutoka roshani maisha yake yote, alivuta pumzi.

"Gaudens! Ni mzigo wetu sisi. Umeziba njia. Vunja kufuli, tupa nje kila kitu."

Gaudens hakuuliza la pili. Aliwapigia wenzake mluzi, wakapotelea uchochoroni.

Baada ya hapo ilikuwa ni kungoja tu, na kungoja kule kulikuwa kubaya kuliko yote. Roshani ilikuwa ndogo, wamekaa wamekunja magoti, bega kwa bega, jua linawachoma utosini na ukuta unatoa joto mgongoni. Kila mmoja aliomba kwa dini yake, kwa sauti ya chini. Ving'ora vya gari la zimamoto vilisikika, vikanyamaza, vikasikika tena mahali pale pale. Lilikuwa limekwama nyuma ya malori yanayoshusha mizigo. Kupitia kioo cha mlango wa roshani waliona sebule ikibadilika rangi. Shuka lililokuwa jeupe chini ya mlango lilikuwa limeanza kuwa jeusi.

"Anfal," alisema Falguni, akikohoa. "Kama njia imeziba tutaishi hapa?"

"Hapana. Gaudens anakuja."

"Kweli au unasema tu?"

Anfal alifikiri kabla ya kujibu. "Ninavyojua, wanatoa marobota. Sijui kama watawahi. Lakini wanatoa."

Falguni alikubali jibu hilo, akalaza kichwa kwenye paja lake.

Kisha wakasikia, kutoka upande wa jikoni, kishindo cha kitu kizito kinachoburutwa, na sauti za wanaume wakipokezana. "Vuta. Geuza. Mpe mwenzako." Sauti zilipanda pole pole. Zilipofika karibu, Anfal alitambaa chini ya moshi hadi jikoni, akaugusa mlango wa nyuma kwa mgongo wa kiganja, kama alivyofundishwa. Ulikuwa wa baridi. Akafungua. Tochi ikammulika usoni.

"Mambo, mdogo wangu," alisema Gaudens, jasho linamtiririka. "Wangapi mmebaki?"

"Wote tupo."

"Basi wote mnashuka. Piteni kiubavu, marobota mengine bado yamebana."

Walishuka mmoja mmoja, kati ya ukuta na marobota, kila kona ya ngazi amesimama mchukuzi wa kuwashika mkono. Falguni alipanda mgongoni kwa Gaudens.

"Nimebeba friji, nimebeba makabati," Gaudens alimwambia. "Sijawahi kubeba mzigo unaonikoholea shingoni."

"Mimi si mzigo."

"Ndiyo maana sikurushi."

Walipotoka uchochoroni, mtu alimpa Anfal chupa ya maji. Akatikisa kichwa. "Kunywa," alisema Hind. "Saumu hii utailipa siku nyingine." Anfal akanywa. Marobota ya baba yake yalikuwa yametapakaa, mengine yamezama kwenye maji machafu ya mtaro. Zimamoto walifika wakaumaliza moto. Wapangaji wa ghorofa nyingine walikuwa makazini au walishatoka mapema kwa mbele. Hakuna aliyekufa.

Wanaume walirudi alasiri, nywele zao mbichi kwa kuoga. Ubeid alisimama mwanzoni mwa uchochoro. Aliona kufuli lililovunjwa, akaona vitambaa vyake vya Idd vikielea.

"Nani katoa mzigo wangu?"

"Mimi, bosi," alisema Gaudens.

Ubeid alifungua mdomo. Kisha akamwona mke wake, na pembeni yake binti yake, wamekaa juu ya robota, nyuso nyeusi kwa masizi. Nyuma yao ukuta wa jengo ulikuwa mweusi pia.

"Baba," alisema Anfal, "nimesema mbele ya mtaa wote kwamba marobota ni yako. Na nimesema kwamba nilimdanganya Mwalimu."

Ubeid alimtazama Gaudens, akaitazama ngazi, akawatazama wanawake mmoja baada ya mwingine kama anayehakikisha hakuna anayekosekana. Halafu akaenda kwa Bi Rekha, akachuchumaa mbele yake, na kanzu yake nyeupe ikaingia kwenye tope.

"Mama Dhaval," alisema, maana Dhaval ni mwanawe mkubwa, aliyekuwa amesimama pale pale, "asubuhi nimembeba Mwalimu begani. Na njia yake nilikuwa nimeifunga mimi."

"Ulifunga," alisema Bi Rekha. "Mimi nilikaa jikoni mwangu siku zote hizo na sikufungua mlango wa nyuma hata mara moja kuangalia. Tuliona raha kumwachia mtoto. Inuka, unachafua kanzu."

Kisha akamwita Anfal akae karibu.

"Alikuwa mgonjwa wa figo," alimwambia. "Masikio yake yalikuwa mazima. Ungemwambia, angekasirika. Angemwita baba yako, wangerushiana maneno, mimi ningewatuliza, na jioni njia ingekuwa wazi. Hiyo ndiyo shida yote ambayo ungemletea. Ulitaka alale vizuri. Lakini mtu akikuuliza habari ya kazi yake, hakuulizi ili alale, anakuuliza ili afanye kitu. Ukimpa jibu la kumfurahisha, umemfunga mikono, na yeye mwenyewe hajui kama amefungwa."

Anfal alikuwa analia sasa. "Nisamehe, Bibi."

"Nimeudhika, sitakuficha. Itapita. Lakini sikiliza hili pia. Kusema kweli siku ile kitandani kwake kulikuwa rahisi, wewe ukaona vigumu. Leo kulikuwa vigumu kwelikweli, na ukasema, ndiyo maana mjukuu wangu anapumua. Kwa hiyo uwezo unao. Siku nyingine uutumie mapema, usingoje moshi."

Mwalimu Euphrasia alisafisha koo, ambalo lilikuwa bado linakwaruza. "Kikao cha maombi kiko pale pale," alisema. "Na msemaji ni yule yule. Ila utabadilisha ulichotaka kusema."

Anfal alizungumza. Alisimama ukumbini mbele ya watu waliokaa kwenye mashuka meupe, akaeleza ngazi ilivyotunzwa, ilivyozibwa, na nani aliizibua, akawataja wachukuzi kwa majina. Baba yake alikaa mstari wa mbele akasikiliza mpaka mwisho.

Ubeid alipoteza sehemu kubwa ya mzigo wa Idd ile. Alipanga stoo Ilala, na bado anauza vitambaa pale pale. Hind alikasirikiwa na mama mkwe wake kwa kupiga kelele barabarani, kisha wakapatana. Maboksi ya kandambili hayakurudi chini ya ngazi ya mbele, na nyaya zilibadilishwa. Mwalimu Euphrasia alikohoa wiki nzima, akapona. Gaudens anaongoza wachukuzi hadi leo. Darasa la jioni lilisimama kwa miezi kadhaa, kisha Dhaval akalianzisha tena, Jumamosi tu, kwa sababu siku nyingine anafanya kazi. Bi Rekha hakuhama. Falguni ameanza shule na anavuka barabara na wenzake. Wapangaji wanafagia ngazi ya nyuma kwa zamu kila Ijumaa, mara mbili mtu ameweka maboksi na mara mbili yameondolewa siku hiyo hiyo. Anfal alifaulu darasa la saba. Sasa yuko kidato cha kwanza.